UZI: Leza kama nyongeza ya tiba ya fizi. Tuweke vipimo mezani

Fizi_Kwanza (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaotibu fizi, na pia wa wagonjwa wanaotaka kuelewa wanachofanyiwa. Mtu anatema damu kila akipiga mswaki, anafika kliniki, anaambiwa kuna kusafisha na kuna kusafisha kwa leza, na ya pili inamgharimu zaidi. Ana haki ya kujua hiyo nyongeza inamletea nini.

Nianze na msingi. Fizi zikivimba na kutoa damu huku mfupa ukiwa salama, hiyo ni jinjivaitisi. Utando wa bakteria ukitolewa vizuri, fizi zinarudi kama zamani. Mfupa ukishaanza kuliwa ni periodontaitisi, na mfupa uliokwenda haurudi wenyewe. Huwezi kutofautisha hali hizi mbili kwa kutazama tu. Lazima probu, yaani kijiti chembamba chenye alama za milimita, na eksirei. Kila jino linapimwa sehemu 6, tatu upande wa shavu na tatu upande wa ulimi, kwa mkono mwepesi wa gramu 20 hadi 25. Kinachopimwa ni kina cha mfuko, yaani nafasi kati ya fizi na jino. Kina cha milimita 1 hadi 3 bila damu hakina neno. Milimita 4 yenye damu inahitaji kazi. Kuanzia 6, mkono unafanya kazi gizani, na huko chini ndiko ugaga mweusi, yaani utando uliogeuka jiwe, unakobaki.

Tiba ya msingi ni kutoa utando na ugaga chini ya fizi kwa skela ya mawimbi, kureti za mkono au vyote viwili, kwa ganzi pale panapouma. Kazi hiyo peke yake, ikifanywa bila haraka, hupunguza kina kwa wastani wa karibu milimita 1.3 kwenye mifuko ya milimita 4 hadi 6, na karibu 2.2 kwenye ile ya 7 na zaidi. Shikeni namba hizo mbili. Chochote kinachoitwa nyongeza kionyeshe kimeongeza nini juu yake.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: leza inakuja baada ya kusafisha. Ukiiwasha juu ya ugaga ambao haujatolewa unapasha jiwe moto, na jiwe linabaki pale pale.

Ombi moja kwa wachangiaji. Ukitaja mpangilio wa mashine, taja urefu wa wimbi, wati, sekunde na ukubwa wa ncha. Kusema "leza" bila hayo hakumsaidii anayesoma.

Probu_Sita

Mkuu, umefungua vizuri. Naomba nitenganishe aina, maana neno hili moja linabeba vifaa visivyofanana kabisa.

Leza ya daiodi ya urefu wa wimbi wa nanomita 810, 940 au 980 ndiyo iliyoenea, kwa sababu ni ndogo, inakaa juu ya meza, na bei yake iko chini ya nyingine. Mwanga wake unamezwa na hemoglobini na melanini, yaani damu na rangi ya fizi. Madini ya jino hayaumezi vya kutosha, kwa hiyo daiodi haitoi ugaga. Anayetangaza kwamba inatoa hajui kifaa chake. Nd:YAG ya nanomita 1064 ina tabia za karibu na hizo, ila inapiga kwa mapigo mafupi yenye nguvu na inapenya zaidi. Ndiyo inayotumika kwenye LANAP, utaratibu wa kutibu mifuko ya fizi kwa leza, ambao Marekani iliuruhusu mwaka 2004.

Erbiamu ni habari nyingine. Er:YAG ya nanomita 2940 na Er,Cr:YSGG ya 2780 zinamezwa sana na maji. Maji yaliyo ndani ya ugaga yanachemka ghafla na kuupasua vipande vipande. Hizi kweli zinakwangua, mradi ncha iwe imelala kwa nyuzi 15 hadi 20 dhidi ya mzizi na maji yatiririke muda wote. Ukiisimamisha wima, inachimba mzizi. Leza ya kaboni dioksaidi ya nanomita 10,600 ni ya kukata nyama laini, sioni kazi yake ndani ya mfuko.

Kundi la mwisho ni mwanga hafifu, wa miliwati, mwekundu wa nanomita 630 hadi 680 au wa karibu na infraredi wa 780 hadi 860. Huu hauui bakteria wala haukati. Unapokelewa na kimeng'enya saitokromu c oksidesi ndani ya mitokondria, na lengo ni kutuliza uvimbe na kuharakisha kupona. Chanzo chake ni Endre Mester wa Hungaria, aliyeona mwaka 1967 kwamba manyoya ya panya walionyolewa yaliota haraka zaidi pale walipomulikwa.

Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa "tutakupiga leza", swali lake la kwanza liwe: ipi kati ya hizi?

Tabibu_Pwani

Shukrani wakuu. Kwenye vituo vingi kilichopo ni daiodi ya 810. Naomba hatua kwa hatua ndani ya mfuko wa milimita 6, pamoja na sababu ya kila hatua. Mafunzo mengi ya wauzaji yanaishia kwenye kubonyeza kitufe chenye picha ya fizi.

Fizi_Kwanza

Tabibu, swali zuri. Kile kitufe chenye picha usikiamini mpaka umefungua ndani na kusoma namba zake.

Safisha mfuko kwanza hadi mzizi uwe laini ukipitisha probu. Osha kwa salini (maji safi ya chumvi), subiri damu ipungue. Damu iliyojaa mfukoni inameza mwanga wote kabla haujafika ukutani, kisha inaungua na kuganda kwenye ncha. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi.

Tumia ncha ya mikroni 300 au 400 ambayo haijachomwa. Kwa kukata nyama, ncha huchomwa kwanza kwenye kizibo au karatasi ya kupimia meno ili ishike weusi na kuwa moto. Ndani ya mfuko hutaki hivyo. Unataka mwanga utoke mbele, usigeuke kisu cha moto.

Urefu wa ncha ni kina cha mfuko ukitoa milimita 1. Mfuko wa 6, weka kizuizi cha mpira kwenye 5, kama unavyofanya kwenye faili za mzizi. Ile milimita 1 inalinda mshikamano wa fizi na jino wa chini ambao bado uko hai.

Nguvu: kilele wati 1, mapigo ya milisekunde 20 kuwaka na 20 kuzima. Wastani wake unakuwa wati 0.5. Ingiza ncha kwanza, ndipo ukanyage pedali. Iwe sambamba na mzizi, uso wake ukielekea ukuta wa fizi. Anza chini upande juu kwa mistari inayopishana, sekunde 20 kwa kila upande, bila kusimama mahali. Wati 0.5 kwa sekunde 20 ni jouli 10, na pande 4 za jino ni jouli 40. Ukisahau mashine kwenye mwanga usiokatika, jino hilo hilo linapokea 80, na hakuna kitu kwenye skrini kitakachokushtua.

Futa ncha kwa shashi yenye maji kila ukitoka. Kati ya upande na upande wa jino moja acha sekunde 30 hivi, au hamia jino jingine kisha urudi. Mfupa una kiwango chake cha kuvumilia joto: nyuzi 47 za selsiasi kwa dakika 1 zinatosha kuudhuru. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi ndani ya mfuko, simama. Hapo hakuna tiba inayoendelea tena.

Mkwanguzi

Hapo kwenye nguvu naomba niweke jambo ambalo kwetu lina uzito kuliko pengine popote. Fizi zetu nyingi zina melanini, na melanini inaimeza daiodi, hasa ya 810, kwa pupa.

Rangi hiyo haiko kila mahali. Imekaa kwenye tabaka la chini la ngozi ya fizi inayoonekana nje, kuanzia ukingoni kwenda kwenye shavu. Ukuta wa ndani wa mfuko una kidogo sana. Kwa hiyo hatari kubwa haiko chini ya mfuko, iko mlangoni. Daktari anafanya kazi nzuri ndani, kisha anatoa ncha huku mguu ukiwa bado kwenye pedali, na ukingo wa kahawia unapokea mwanga wote kwa nusu sekunde. Utaona mstari mweupe. Kesho yake ni kidonda, na fizi ikipona inaweza kuwa imeshuka na kuacha mzizi wazi, jino linauma kwa maji baridi.

Namna ya kuepuka: achia pedali milimita 1 au 2 kabla ya kufika ukingoni. Kwa fizi nyeusi shusha kilele hadi wati 0.6 au 0.7, jaribu upande mmoja, tazama ukingo kwa makini. Weupe ukitokea, umezidisha. Hakuna aibu kufanya kazi polepole kwa nguvu ndogo. Erbiamu haina tatizo hili kwa kiwango hicho, kwa sababu yenyewe inatafuta maji, haitafuti rangi.

Na jambo la uchunguzi. Vitabu vinasema fizi yenye ugonjwa ni nyekundu na yenye afya ni ya waridi. Kwenye fizi ya kahawia wekundu unajificha. Mtu anaambiwa fizi zake nzuri huku zina mifuko ya 5. Fuateni damu ya probu, ukingo uliotuna na fizi iliyopoteza ukavu wake. Rangi ya kahawia yenyewe ni ya kuzaliwa nayo, haitibiwi.

Tabibu_Pwani

Hili la mlangoni limeniingia. Vipi mwanga hafifu? Naona mtu anaandika "jouli 4 kwa sentimita", mwingine anaandika 60, na wote wanadai uvimbe umeshuka.

Probu_Sita

Tabibu, vurugu yote iko kwenye eneo. Hesabu ni hii: wati mara sekunde ni jouli, kisha unagawa kwa eneo linalomulikwa.

Chukua miliwati 100 kwa sekunde 20. Ni jouli 2. Ukitumia kichwa chenye kipenyo cha milimita 8, eneo lake ni kama nusu sentimita ya mraba, dozi ni jouli 4 kwa sentimita ya mraba. Sasa toa kichwa hicho, gusisha fizi kwa ncha tupu ya mikroni 400, nguvu ile ile, sekunde zile zile. Eneo ni sentimita za mraba 0.00126. Dozi inaruka hadi karibu 1,600. Jouli 2 hazijabadilika, lakini tishu iliyo chini ya ncha haioni kitu kile kile. Ndiyo maana ripoti isiyotaja eneo haina maana.

Halafu dozi ya mwanga hafifu haina tabia ya kusema zaidi ni bora. Kidogo mno hakifanyi kitu, kiasi kinachofaa kinachochea seli, ukizidisha inaanza kuzizuia. Wengi wanafanya kazi kati ya jouli 2 na 10 kwa sentimita ya mraba kwenye fizi, wakigusa kwa nje juu ya kila kinundu kati ya meno, na wanarudia mara kadhaa ndani ya wiki 1 au 2. Kummulika mara moja siku ya kusafisha na kumwambia arudi baada ya miezi 3 ni kupoteza muda wake.

Msimulike penye kidonda kisichojulikana au uvimbe wenye shaka ya saratani. Hapo ni kipande kwenda maabara kwanza.

Soma_Tafiti

Nawasoma kwa makini na nakubali mengi, lakini kuna neno halijasemwa na lazima lisemwe. Mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la Periodontolojia wa mwaka 2020, kwa periodontaitisi ya hatua ya I hadi III, unapendekeza leza isitumike kama nyongeza ya kusafisha chini ya fizi. Unasema hivyo hivyo kuhusu tiba ya mwanga na rangi, ile ya kuweka rangi mfukoni kisha kuimulika. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani mwaka 2015 nacho hakikuwa na shauku: kwa daiodi inayotumika bila rangi ya mfukoni, Nd:YAG na erbiamu kama nyongeza, maoni ya jopo lake yalikuwa ya kukataa.

Sababu si kwamba leza haifanyi kitu. Tafiti ni ndogo, kila moja ina mpangilio wake, na faida inayoonekana mwezi wa 3 mara nyingi inayeyuka mwezi wa 6. Ongezeni hili: probu yenyewe ina makosa ya karibu milimita 1 kati ya kipimo na kipimo. Nyongeza ikikupa milimita 0.3, mgonjwa mmoja mmoja hutaiona. Utaiona kwenye wastani wa kundi kubwa tu.

Fedha ya nyongeza inaweza kununua kitu kingine. Kwa mgonjwa mwenye kipato cha kubanana, saa moja zaidi ya kukwangua kwa mkono, miswaki ya kati ya meno ya miezi 6 na ziara mbili za marudio zina uhakika zaidi kuliko sekunde 20 za daiodi.

Fizi_Kwanza

Soma_Tafiti, hoja yako ni nzito na sina nia ya kuizunguka. Kwa mdomo mzima, kwa kila mgonjwa, kama kawaida ya kliniki: hapana, sipendekezi. Ninapotofautiana nawe ni kwenye mifuko michache iliyobaki. Mgonjwa amesafishwa, anapiga mswaki vizuri, sukari imetulia, baada ya miezi 3 mifuko 4 au 5 bado ina kina cha 5 na inatoa damu. Hapo chaguo ni kurudia kukwangua, kurudia ukiongeza kitu, au upasuaji. Kurudia pamoja na leza kwenye mifuko hiyo michache si kosa, mradi mgonjwa aambiwe kwamba faida ni ndogo na haina hakika, na asitozwe kama mdomo mzima.

Soma_Tafiti

Kwa masharti hayo, na kwa maandishi kwenye faili, sina ugomvi. Ila naomba uongeze: mfuko wa 6 na zaidi usiofunga baada ya kurudia unahitaji mbobezi na mara nyingi upasuaji wa kufungua fizi. Aliye Dar hana sababu ya kuzungushwa na leza mara tano wakati hospitali ya Muhimbili iko pale Upanga. Kila mwezi wa kusubiri mfuko wa namna hiyo ni mfupa unaokwenda.

Fizi_Kwanza

Nimeongeza, na nakubali kila neno.

Bluu_660

Tiba ya mwanga na rangi imetajwa kwa kupita tu. Niieleze kwa ufupi, kwa kuwa watu wanaichanganya na daiodi ya moto.

Unaweka rangi ya methilini bluu ya asilimia 0.01 mfukoni kwa sindano butu, kuanzia chini ukirudi juu. Unasubiri dakika 1 hadi 3 ishike kuta za bakteria. Kisha unaosha rangi iliyozidi kwa salini. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ikirukwa ile rangi nzito inafunika kila kitu, mwanga unaishia juu na chini hakufiki kitu. Ndipo unamulika kwa nanomita 660, miliwati 60 hadi 100, sekunde 30 hadi 60 kwa sehemu. Rangi ikipokea mwanga inazalisha oksijeni kali inayotoboa bakteria. Hakuna joto la maana na hakuna usugu wa dawa, na hilo la pili ndilo linalonifanya niipende mahali ambapo watu wanameza antibayotiki ya metronidazo kila fizi zikiuma.

Ulizeni mambo mawili kabla. Je, mgonjwa ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu? Pwani yetu wenye upungufu huo si wachache, na methilini bluu haiwafai. Je, anameza dawa za sonona zinazopandisha serotonini? Kiasi cha mfukoni ni kidogo, lakini swali halina gharama. Mwambieni pia kwamba ulimi na fizi vitakuwa na bluu kwa saa kadhaa.

Msitumie leza ya 810 na methilini bluu. Rangi hiyo haimezi wimbi hilo. Kwa 810 kuna rangi nyingine, indosayanini kijani.

Fundi_Vifaa_Tiba

Wakuu wa kliniki, niseme upande wa kifaa.

Leza ya zaidi ya wati 0.5 ni daraja la 4. Inaharibu jicho moja kwa moja na hata ikirudi kutoka kwenye kioo cha mdomoni. Miwani ni kwa watu wote watatu, yaani daktari, msaidizi na mgonjwa, na iandikwe urefu wa wimbi wa kifaa hicho hicho pamoja na kiwango cha kuzuia, OD 5 au zaidi. Miwani ya 810 haikupi dhamana kwa 980. Miwani ya jua au ya kukaushia sementi ya bluu haifai kabisa. Mlango ufungwe na uwe na alama, ufunguo wa mashine utolewe mkitoka kwenda kula.

Kabla ya mgonjwa, elekeza mwanga wa kulenga kwenye karatasi nyeupe. Duara safi ni ncha nzima. Ukiona mkia kama wa nyota ya kimondo, ncha imepasuka: ikate upya kwa kisu chake au itupe. Ncha za matumizi ya mara moja ni za mara moja kweli. Ukizichemsha kwenye otoklevu, gundi yake inalegea na faiba, ule uzi unaopitisha mwanga, inaweza kubaki ndani ya mfuko.

Namba ya skrini ni ahadi, siyo kipimo. Daiodi inachoka, faiba inachafuka, na skrini inaendelea kuonyesha wati 1 huku inayotoka ni 0.6. Nunueni kipima nguvu kidogo au leteni kifaa kipimwe kila mwaka. Umeme wa Dar unaruka, kwa hiyo mashine ya mezani ipite kwenye stabilaiza na UPS. Ikizimika katikati ya mfuko, toa ncha kwanza ndipo uwashe upya, na usome mpangilio tena, kwa sababu mashine nyingine zinarudi kwenye namba za kiwandani.

Shashi yenye spiriti isikae karibu na ncha, inashika moto. Saksheni kubwa iwe sentimita chache kutoka kwenye moshi, kwa sababu moshi huo una vipande vya tishu na vijidudu. Na kabla ya kununua kwa bei ya chini Kariakoo au mtandaoni, hakikisha kifaa kimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kifaa kisicho na usajili hakina anayekuhakikishia kwamba wati zilizoandikwa ndizo zinazotoka.

Mama_Sinza

Niwashukuru nyote, nimesoma kuanzia juu. Kwa upande wa mgonjwa mwenye kisukari, je, leza ina faida ya pekee? Na baada ya tiba anakula nini, anapigaje mswaki?

Fizi_Kwanza

Dada, karibu. Kwa mwenye kisukari kinacholeta faida kubwa ni kutibu fizi zenyewe, kwa njia yoyote iliyo sahihi. Tiba ya periodontaitisi hushusha HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache, kwa takribani asilimia 0.4 ndani ya miezi 3 hadi 4, na hiyo ni faida ya kweli kwa mwili mzima. Njia nayo ni ya pande mbili: HbA1c ikiwa asilimia 7 au zaidi, ugonjwa wa fizi unahesabiwa kuwa wa kasi kubwa, na leza haitashinda sukari isiyodhibitiwa. Anayevuta sigara 10 au zaidi kwa siku yuko kwenye kundi hilo hilo. Siku ya tiba aje akiwa amekula na amemeza dawa zake kama kawaida, asije na njaa.

Chakula: siku ya kwanza asubiri ganzi iishe ndipo ale, asije akajing'ata. Uji uliopoa, mtori, wali laini, ndizi mbivu vinafaa. Chai ya moto sana, pilipili, bisi na samaki wa miba viahirishwe kwa siku 2 au 3. Mswaki laini aanze jioni ile ile, kwa upole, na dawa ya meno yenye floraidi. Akipewa dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.2, ni mililita 10 kwa dakika 1, mara 2 kwa siku, wiki 2 basi. Akiendelea zaidi meno yanashika madoa ya kahawia na chakula kinapoteza ladha. Kijiti cha kuchokonolea asiingize kwenye fizi iliyotibiwa. Baada ya wiki moja aanze mswaki mdogo wa kati ya meno, saizi inayoingia kwa kubana kidogo bila kulazimisha. Saizi hiyo achaguliwe kitini, pengo kwa pengo.

Damu kidogo kwa siku 2 ni kawaida. Maumivu yanayozidi siku ya 3, usaha, au fizi nyeupe yenye kidonda, arudi mara moja. Asiende duka la dawa kuomba antibayotiki.

Tabibu_Pwani

La mwisho kwangu: probu ya marudio lini? Wapo wanaopima baada ya wiki 2 na kusema imefanikiwa.

Mkwanguzi

Wiki 2 ni mapema mno, unachana mshikamano mpya kwa mkono wako mwenyewe, na uvimbe ulioshuka unakudanganya. Pima baada ya miezi 3, probu ile ile, sehemu zile zile 6, ikiwezekana na mtu yule yule, bila kutazama karatasi ya zamani kabla. Kabla ya hapo tazama utando na damu ya mswaki tu. Unatafuta asiwe na mfuko wa zaidi ya 4 unaotoa damu, wala wowote wa 6 au zaidi. Kwa ile mifuko uliyoipiga leza, weka alama kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, na ifuate pembeni ya ile uliyoikwangua tu kwenye mdomo huo huo. Baada ya wagonjwa 20 wa namna hiyo utajua leza yako, kwa mkono wako, kwenye fizi za watu wako, inaongeza nini.